Mbwa uani, watoto wa watu ndani

Saa kumi na mbili asubuhi mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe huwa na msafara wake. Kina mama wamebeba watoto mgongoni, mkoba wa nepi mkono mmoja, chupa ya uji mkono wa pili, wanabisha hodi kwa mama wa mtaa anayelea. Mmoja anawahi feri, mwingine zamu kiwandani, wa tatu ana meza ya mahamri inayomngoja kituoni. Hakuna muda wa maswali. Mtoto anapokewa, mama anageuka, mlango unafungwa. Na katika baadhi ya nyumba hizo, nyuma kule uani, yuko mbwa.

Jambo hili likizuka mtaani huzuka kwa kelele. Mzazi anafika mapema siku moja kumchukua mwanawe, anamkuta mbwa amelala kivulini karibu na mkeka wa watoto, na kabla ya magharibi mtaa mzima una habari. Wako watakaosema mlezi huyo hana haya. Wako watakaosema mzazi anaringa, mbona mbwa hajamgusa mtu? Wote wawili wanakosa jambo moja, kwamba swali la maana ni namna mbwa anavyowekwa, amechanjwa au la, na kama mzazi aliambiwa.

Tuanze na haki ya mlezi, maana husahaulika. Nyumba anayolelea watoto ndiyo nyumba anayolala. Ndani mna magodoro, jiko la gesi, televisheni ya kuwatuliza watoto mchana, na pesa za mwezi zikiwa bado hazijapelekwa popote. Kwa anayelipwa shilingi chache kwa mtoto kwa siku, kuajiri mlinzi ni ndoto. Mbwa wa kienyeji anayekula ukoko wa ugali na vichwa vya samaki humlinda kwa gharama ndogo. Wenzetu wa Kilifi na Kwale wamefuga mbwa miaka na miaka wa kufukuza nyani na tumbili mahindini, na akihamia mjini mtu huja na mazoea yake. Hakuna ajabu hapo.

Ajabu ni kudhani kwamba mbwa mpole kwa watoto wako atakuwa mpole kwa watoto wa watu. Mbwa hujifunza nani ni wa nyumbani. Watoto wako amewazoea tangu wakitambaa, anajua harufu zao, anajua sauti zao wakilia. Mtoto aliyeletwa Jumatatu kwa mara ya kwanza ni mgeni, tena mgeni anayepiga mayowe, anayekimbia ovyo, anayevuta mkia na kutia mkono kwenye sahani ya mbwa akidhani ni mchezo. Mbwa huonya kabla ya kuuma. Atakaza mwili, atalaza masikio nyuma, atageuza uso pembeni, atajilamba midomo bila chakula kuwapo, kisha atanguruma. Mtu mzima anaweza kuzisoma ishara hizo. Mtoto wa miaka miwili hazijui, na mara nyingi akimsikia mbwa ananguruma atasogea karibu zaidi aone kuna nini.

Tena msimpige mbwa kwa kunguruma. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanamfunza adabu. Anachojifunza ni kunyamaza, na siku ya siku atauma bila kuonya.

Urefu wa mtoto nao ni sehemu ya hatari. Mtu mzima akiumwa mara nyingi ni mguuni au mkononi. Mtoto mdogo uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, kwa hiyo huumwa usoni, kichwani na shingoni, na hayo ndiyo majeraha mabaya zaidi, kwa sura yake na kwa sababu nyingine nitakayoifikia.

Ndiyo maana jibu la "mimi nitakuwa nikiwaangalia" halitoshi. Mlezi mmoja ana watoto saba. Mmoja amejisaidia, wawili wanagombania kikombe, uji unafurika jikoni. Macho hayo yatamwangalia nani? Kanuni ya kweli ni moja tu: muda wote watoto wa watu wakiwa nyumbani, mbwa na watoto hawakutani, na kinachowatenganisha ni kitu cha kushikika, chenye komeo.

Hapa ujenzi wa nyumba zetu unatuletea mtihani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uani ndiko kwenye choo, jiko na kamba ya nguo, na uani ndiko anakokaa mbwa. Mtoto anayejifunza kwenda chooni atapita hapo mara tano kwa siku. Kumfungia mbwa kwenye mnyororo pembeni ya njia hiyo ni kutega mtego. Mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia akiogopa, kwa hiyo hutetea hata ile duara ndogo aliyobakishiwa, na mtoto hajui mnyororo unafika wapi. Kufungwa hivyo mchana kutwa pia humharibu mbwa tabia.

Lililo bora ni banda. Halihitaji fundi wa majengo. Tafuta uchochoro wa ubavuni au pembe ya ua iliyo mbali na choo, simika nguzo, weka mbao au wavu ambao kidole cha mtoto hakipenyi, na komeo liwe juu asikofika mtoto. Ndani pawe na kivuli cha makuti au bati na maji ya kunywa, maana joto la Februari la Mombasa humuua mbwa aliyefungiwa juani. Saa nazo zinamsaidia mlezi. Kazi ya mbwa ni usiku na kazi ya watoto ni mchana. Mbwa aliyekesha akizunguka ua tangu saa tatu usiku anataka kulala asubuhi. Basi kabla ya hodi ya kwanza huingizwa bandani akapewa chakula chake, ua ukafagiwa na kumwagiwa maji. Jioni hafunguliwi mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Mzazi mmoja akichelewa, mbwa naye anachelewa.

Na kwa wale wa vyumba vya kupanga, ua mmoja wapangaji sita, nitasema wazi: haiwezekani. Hata ukimfungia wewe, mtoto wa jirani atamfungulia. Hapo mtu achague, mbwa au kazi ya kulea.

Sasa ile sababu nyingine. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Makadirio yanayotumiwa na serikali ni kwamba huua hadi watu 2,000 kila mwaka nchini, na mpango wa taifa uliotolewa mwaka 2014 ulilenga kuvimaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo takriban 59,000 duniani kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi hukaa kwenye mate. Vikiingia kwenye jeraha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini jeraha likiwa usoni au kichwani njia ni fupi. Dalili zikishaanza, mtu akaogopa maji na kushindwa kumeza, tiba karibu hakuna. Kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi. Tofauti ya maisha na mauti iko katika saa na siku za mwanzo.

Kwa hiyo kila mlezi mwenye mbwa, na hata asiye na mbwa, ayajue haya kama anavyojua kupoza uji. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, au mbwa akimlamba kwenye kidonda kibichi au machoni, osha hapo hapo. Kwenye kidonda tumia sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Jicho huoshwa kwa maji safi mengi pasi na sabuni. Kama bomba halina maji, na mitaa yetu twaijua, mtu mmoja amimine kwa kata huku mwingine akiosha. Usipake pilipili, mafuta ya taa, ugoro wala majani. Usikifunge kidonda kwa nguvu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na simu kwa mzazi kabla hujatoka mlangoni. Chanjo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za kaunti, na si kila zahanati huwa na akiba, kwa hiyo uliza mapema, leo kabla hapajatokea jambo, ni hospitali gani ya karibu huiweka. Mtoto atachomwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kukatiza katikati kwa sababu kidonda kimepona ni kosa linaloua. Jeraha likiwa kubwa huongezewa dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Wazee wetu wanakumbuka sindano nyingi za tumboni, na hofu hiyo huwafanya watu wasitake kwenda. Sindano hizo ziliachwa zamani. Siku hizi ni mkononi, na kwa watoto wadogo pajani.

Mbwa aliyeuma asiuawe papo hapo na kutupwa. Najua hasira za mtaa, mawe huanza kuokotwa kabla mtoto hajaoshwa. Mbwa akifungiwa na kuangaliwa siku kumi akabaki mzima, hiyo ni habari kubwa kwa daktari. Akiuliwa na kuzikwa, habari hiyo imezikwa naye. Lakini mtoto hangoji siku hizo kumi. Anaanza chanjo, na daktari ndiye atakayesema kama ya kuendelea au ya kusimama.

Mbwa mwenyewe huchanjwa akifika umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Daktari wa mifugo humpa mwenyewe cheti au kadi. Mara kwa mara hufanywa kampeni za chanjo za bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Muulize afisa wa mifugo wa wadi au chifu. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea katika eneo. Kwa hiyo mbwa wako aliyechanjwa anawakinga hata watoto usiowalea.

Minyoo haina kishindo kama kichaa, lakini mlezi atakutana nayo mara nyingi zaidi. Mayai ya minyoo ya mbwa hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza mchangani kisha akatia vidole mdomoni huyameza. Kuna na wale wadogo wanaopenya ngozi ya nyayo na matako na kuacha mistari inayopinda-pinda na kuwasha usiku kucha. Wengi tumewahi kuiona kwa watoto wanaoshinda ufukweni. Tiba ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mayai ya minyoo ile ya kwanza, yakitoka tu, bado hayana nguvu ya kumwambukiza mtu. Huchukua wiki mbili hivi au zaidi udongoni ndipo yakomae. Yakishakomaa yanaweza kukaa humo miezi mingi. Kwa maneno mengine, anayezoa kinyesi kila siku amemaliza sehemu kubwa ya kazi, na anayengoja Jumamosi anaupanda ugonjwa. Ongeza dawa ya minyoo kwa mbwa kila miezi mitatu, muoge kwa dawa ya viroboto na kupe, na mchanga wa kuchezea watoto uwe wao peke yao, ukifunikwa usiku kwa turubai. Kwenye maeneo yenye funza, mkague mbwa nyayo, kwani naye huwabeba.

Nimelichelewesha la dini makusudi. Likitangulia, mengine hayasikiki.

Sehemu kubwa ya Waislamu wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo au nguo iliyopata mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa mama anayeswali, mtoto kurudi jioni na kanzu au gauni lililolambwa, akapanda kwenye mswala na kukumbatiwa, ni jambo zito. Mlezi asiyekuwa Mwislamu asilichukulie kama dharau kwa nyumba yake. Mzazi amempa amana mbili, mwili wa mtoto na tohara yake. Lakini mzazi naye ajue mipaka ya hukumu yenyewe. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Mtoto aliyepita karibu na banda, au aliyesikia mbwa akibweka, hana cha kuoshwa.

Je, kufuga kwenyewe? Mafundisho ya Mtume yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na yanaonya kwamba kumfuga bila haja hupunguza thawabu za mtu. Wanazuoni wengi wa Shafi wamepima ulinzi wa nyumba kwa kipimo hicho hicho wakauruhusu penye haja. Wapo pia wanaoshikilia hadithi kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na hao watamtaka mbwa akae nje kabisa. Kila mtu amuulize imamu wake. Kinachonikera mimi ni wale wanaogeuza najisi kuwa leseni ya ukatili, wakawafundisha watoto kumtupia mawe kila mbwa apitaye. Kwa mbwa mwenyewe tumehadithiwa habari ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mmoja mwenye kiu, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa yupo mlangoni mwa pango pamoja na vijana wale. Zaidi ya hayo, mtoto aliyezoea kurusha mawe ndiye atakayeumwa kwanza.

Kwa matendo, mlezi anayewalea watoto wa Kiislamu huku ana mbwa atenganishe ndoo, fagio na vyombo vya mbwa, na visioshwe kwenye karai moja na vikombe vya watoto. Anayemhudumia mbwa abadilishe nguo au avae leso nyingine kabla ya kuwashika watoto. Na ikitokea mate yakamgusa mtoto, amwambie mzazi jioni ile ile. Nguo huoshwa ikawa safi. Uongo ukigunduliwa, yeye hatapewa mtoto tena na jirani zake wote watajua.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa. Katika orodha hiyo hiyo, hatua chache chini, imezipa kaunti kazi ya vituo vya kulelea watoto. Yaani leseni ya mbwa na ukaguzi wa nyumba ya mlezi ni kazi ya serikali moja, wala si ya Nairobi. Hata hivyo walezi wengi wa mitaani hawajaandikishwa popote, na mbwa wengi wa mitaani vile vile. Afisa hawezi kukagua nyumba asiyoijua. Ningependa kuona mabunge ya kaunti zetu za Pwani yakiuliza swali hili bila kuwabebesha kina mama ada wasizoziweza, kwa sababu mlezi akiona kuandikishwa ni kutozwa, atajificha. Kwa sasa mlezi ajue kwamba mbwa wake akimjeruhi mtoto anaweza kufikishwa mahakamani na kudaiwa fidia, na kauli ya kwamba mtoto ndiye aliyemchokoza haitamsaidia sana ikiwa mtoto ana miaka mitatu.

Inabaki kumwambia mzazi. Aambiwe siku ya kwanza, kabla hajaacha hata shilingi, tena aoneshwe: huyu ndiye mbwa, hili ndilo banda, komeo ni hili, kadi ya chanjo ni hii. Picha ya kadi iwe kwenye simu, ya karatasi itundikwe ukutani. Mzazi akisema hapana, basi ni hapana, aende kwa amani na asisemwe barazani. Na wewe mzazi unayewahi feri, maswali haya hayachukui dakika mbili. Nyumba hii ina mbwa? Mchana anakaa wapi? Amechanjwa lini? Mtoto wangu akienda chooni anapitia wapi? Akiumwa mtampeleka hospitali gani? Uliza pia kuhusu mbwa wa jirani na ukuta wa katikati, maana mbwa koko hana mwenyewe wa kuulizwa.

Zipo hali ambapo mbwa lazima aondoke hata banda likiwa zuri. Mbwa aliyekwisha kumuuma mtoto mara moja ni mmojawapo. Jike lenye watoto wachanga, angalau mpaka wamalize kunyonya, ni wa pili. Mbwa anayerukia wavu kila asikiapo mtoto akilia ni wa tatu, hata kama hajauma. Akiondoka, asipelekwe usiku jaani wala kutelekezwa ufukweni. Huko atageuka koko, atazaa, chanjo yake itaisha, na mtoto atakayekutana naye huenda akawa mmoja wa wale wale saba siku anayotumwa dukani. Mtafutie mwenye shamba bara ya Kilifi au Kwale anayesumbuliwa na nyani, na umkabidhi mbwa pamoja na kadi yake.